Dawa Inayosubiri Joto

Bandung, 9 Machi 1986

Mjomba wangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Barua hii ikukute umekaa barazani na kahawa yako, na Bi Hamsiya karibu akikukemea juu ya sukari. Mimi mzima, ila mafua ya huku milimani hayajui kuaga. Nisalimie ng'ombe wako, Melati na Kenanga. Nasikia kisiwani Sapudi kuna mzee anawaogesha ng'ombe wake kwa sabuni ya kunukia ilhali mkewe anaogea ya kufulia. Nimekatazwa kumtaja jina.

Asubuhi za Bandung, Mjomba, ukungu unateremka mpaka kizingitini. Ukifungua dirisha unaingia ndani taratibu, kama mgeni aliyekwisha izoea nyumba. Chupa ya mafuta ya nazi mliyonipa imeganda tena, nyeupe pe. Naitia ndani ya sweta, naikumbatia, nakaa nayo kitandani nikitazama miti ikijitokeza mmoja mmoja. Baada ya muda nasikia mafuta yanatikisika kifuani. Yameyeyuka.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana kila ukiniuliza nakujibu "vitu vya seli" na unanuna. Kila seli ya mwili imevaa utando wa mafuta, mwembamba kuliko chochote ulichowahi kukiona. Utando huo uko hai kidogo, si kama ukuta: ukipoa unakaza, ukipata joto unalegea na kupitisha vitu. Sisi tunachukua mafuta ya namna hiyo, tunatengeneza vifuko vidogo mno, na ndani yake tunatia dawa ya saratani. Kwa joto la kawaida la mwili kifuko kinabaki kimefungwa. Ukikipasha kidogo, joto la mtu mwenye homa kali tu, kinafunguka. Kwa hiyo ukipasha moto mahali penye uvimbe peke yake, dawa inamwagika pale pale na mwili uliobaki haujui kitu.

Juzi tulitia rangi inayong'aa ikishatoka tu nje ya kifuko, badala ya dawa, tukaiweka glasi ndani ya maji ya moto. Mjomba, ilikuwa giza tupu, halafu polepole glasi nzima ikawaka kijani, kama kimetameta aliyeamka. Nilimtazama Profesa Wiryo, mkuu wangu, nikidhani naye ameduwaa. Akasema, "Hii ni glasi, Rusmini. Damu ni mto mwingine." Mzee huyu hata furaha lazima aikalie.

Nitumie kopo la petis, ule mchuzi wetu mweusi mzito wa kamba wa baharini. Ya huku inatengenezwa na watu wasiojua bahari.

Wako mpwa,
Rusmini


Gayam, Sapudi, 6 Aprili 1986

Mini, mwanangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako imekuja na meli ya Jumatano, imelowa pembeni lakini maneno yamepona. Hapa tu wazima. Bi Hamsiya anasema huyo aliyekuambia habari za sabuni ni yeye mwenyewe na hajuti.

Kenanga amekuwa na maringo kuliko mke wa mkuu wa wilaya. Nikimfunga shada la maua kichwani anasimama kimya, akitazama mbali, kama anamngoja mpiga picha. Melati bado anaogopa zumari. Likilia tu, anavunja mwendo. Mashindano ya ng'ombe warembo kule Sumenep yatakuwa mwakani, nami nataka hawa wawili waende bega kwa bega mpaka mwisho, hatua moja. Jirani yangu Durahem ameniambia jana, "Sahrawi, ng'ombe wako wazuri, tatizo ni anayewaongoza. Anatembea kama mtu anayetafuta choo." Nikamjibu, "Bora mimi natafuta, wewe umeshakosa." Hatujasemezana mpaka leo, ila alileta ndizi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilipolala niliota nimo ndani ya hicho kifuko chenu. Kuta zake laini, mwanga unapita kama kupitia ganda la yai, nami nasubiri tu joto lije linifungulie. Nikaamka nikiwa na raha ambayo sijaipata kwa muda.

Nikuulize jambo. Nina rafiki, tulifanya naye kazi ya eksirei zamani. Ana kidonda kidoleni kisichotaka kufunga, na madaktari wana maneno yao. Je, dawa yenu hiyo inaweza kutumika kwenye ngozi? Na mpaka ifike kwa watu itachukua muda gani? Anauliza kwa hamu, maskini, nami nimemwambia nina mtaalamu wangu.

Petis iko njiani. Samahani kwa barua fupi, kalamu inanisumbua.

Mjomba wako,
Sahrawi


Bandung, 27 Aprili 1986

Mjomba mpenzi,

Assalamu alaikum. Petis imefika! Nimekula na tango, nimekula na wali, nimekula na kidole. Wenzangu wa bweni walifungua madirisha yote, wakasema kuna kitu kimekufa. Nikawaambia kilichokufa ni hamu yangu ya chakula chenu.

Mwambie rafiki yako asikilize madaktari. Lakini mwambie pia asikate tamaa, maana ngozi ndiyo mahali pepesi kuliko pote kwa kazi yetu! Huhitaji kupasha moto tumbo wala ini. Unapasha hapo juu tu, kwa maji au kwa kifaa kidogo. Na tuna habari: tumeanza na panya. Panya wa kwanza alikuwa na uvimbe mguuni kama punje ya mahindi. Tulimdunga vifuko, tukautia mguu wake kwenye maji ya moto, na baada ya siku chache uvimbe ulikuwa umenywea. Nilimshika mkononi, moyo wake unadunda kama mvua ya mbali. Nilimwita Sultani.

Inshallah mwaka ujao tutaanza na watu. Nakuona wewe kwenye mstari wa mbele ukiniletea wagonjwa kutoka visiwa vyote.

Mvua za hapa zinaisha. Jioni mji wote unanuka majani ya chai na moshi, na mimi natembea kurudi bwenini nikiwa kama sikanyagi chini.

Rusmini wako


Gayam, 14 Juni 1986

Kwa mwanetu Rusmini,

Idi njema, utusamehe makosa ya mwilini na ya rohoni. Huyu anayeandika ni mimi Hamsiya. Mjomba wako anasema macho yamechoka, kwa hiyo yeye atasema na mimi nitaandika. Anasema niandike anachosema tu, nisiongeze chumvi. Nimemwambia chumvi ya Madura haiongezwi, iko humo humo.

Anasema: Idi ilikuwa njema. Ketupat, wali wetu wa kufungwa kwa majani, zilipikwa nyingi, Durahem alikuja kuomba msamaha wa mwaka mzima kwa neno moja, kisha akala kwa mwaka mzima. Anasema Melati sasa halikimbii zumari. Anasema amefurahi sana kwa habari ya Sultani, na amemweleza yule rafiki yake, na rafiki amesema atangoja. "Mwaka ujao si mbali," ndivyo alivyosema.

Nikamuuliza, huyo rafiki anaitwa nani? Akasema niandike, nisiulize.

Anasema usiku anaota mambo mazuri tu. Ameota anatembea baharini juu ya maji yaliyoganda kama mafuta yako ya nazi, na chini yake anaona samaki wamesimama, kila mmoja mahali pake, wanangoja. Mimi nimemwambia hiyo ni ndoto ya mtu aliyelala na miguu nje ya shuka.

Anakusalimu. Kwa upande wangu nasema: ule, ulale, na ukipata nafasi uje.

Hamsiya, kwa niaba ya mzee


Bandung, 20 Julai 1986

Mjomba mpenzi na Bi Hamsiya,

Assalamu alaikum. Idi njema nanyi pia, nisameheni. Sikuja kwa sababu panya hawajui sikukuu.

Macho yako yana nini, Mjomba? Nenda ukapimwe miwani huko Sumenep. Nimezoea mwandiko wako. Ile "S" yako yenye mkia mrefu nilikuwa naiona tu kwenye bahasha, najua nyumbani kuko salama. Safari hii nilidhani barua si yangu.

Huku baridi imezidi. Kazi inaendelea. Profesa anawasalimu. Milimani wameanza kuvuna kabichi, na magari yanapita alfajiri yakiwa yamejaa kijani mpaka juu, yanapotelea ukunguni kama vile hayakuwahi kuwepo.

Sina jipya zaidi.

Rusmini


Gayam, 21 Septemba 1986

Mwanetu,

Ni mimi Hamsiya tena. Mzee amekaa mbele yangu, amejifunika mkono wa kulia kwa sarungi.

Anasema niandike kwamba ana afya nzuri. Nimeiweka kalamu chini.

Anasema, "Andika."

Nimemwambia, "Siandiki uongo kwa mtoto wa watu. Andika mwenyewe."

Anasema, "Wajua siwezi."

"Basi kama huwezi, mwambie kwa nini huwezi."

Nimeenda kuwapa ng'ombe maji, nimerudi, bado amekaa pale pale. Sasa anasema niandike ninachotaka, yeye hatazuia, ila nisilie juu ya karatasi maana wino utachuruzika. Kwa hiyo ninaandika.

Mini, hakuna rafiki. Kidonda ni chake. Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Ngozi ya mikono yake ilianza kukauka na kupasuka tangu hajastaafu, kucha zikawa nyeusi, tukasema ni uzee. Kisha kidole kikatoka kijinundu, kijinundu kikapasuka. Mwezi wa kwanza tulikwenda Surabaya. Daktari akasema ni saratani, imetokana na mionzi ya zile eksirei, na kidole kikatwe mapema kabla haijatembea. Mzee akaomba muda wa kufikiri. Tukiwa tumerudi hapa, ndiyo ikaja barua yako ya kwanza, ile ya glasi iliyowaka.

Tangu siku ile hakuna aliyeweza kumsogeza. Daktari ameandika tena, na nesi wa zahanati amekuja mpaka hapa barazani. Mzee akamjibu, "Mama, mpwa wangu anapika dawa Bandung. Ikishaiva nitapashwa moto kidole tu, kama samaki, nami nitabaki na vidole vyangu vyote." Nesi akaniangalia. Mimi nikaangalia chini, kwa sababu mwanangu, hata mimi niliamini.

Sasa kidonda kimefika kwenye kidole cha kati. Hawezi kushika kalamu, wala kamba za ng'ombe.

Anasema niongeze hivi: "Mwambie asiharakishe. Kazi nzuri haiharakishwi. Ninaweza kungoja."

Hamsiya


Bandung, 5 Oktoba 1986

Mjomba,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Nakuomba unisamehe kwamba salamu zitakuwa fupi.

Usingoje. Nenda Surabaya kwa meli ya kwanza.

Dawa haipo, Mjomba. Sultani alikufa wiki moja baada ya kukuandikia. Na wenzake waliomfuata wamekufa, karibu wote. Kwenye glasi vifuko vyetu vilikaa vimefungwa. Kwenye damu vinavuja njiani kabla havijafika popote, kwa sababu ndani ya damu kuna vitu vinavyoung'ang'ania ule utando na kuunyonya mafuta yake. Dawa inamwagika mwili mzima, na dawa ile ni kali, inaumiza moyo. Profesa alinionya siku ile ile ya kwanza, nami nikakuandikia maneno yake kama kichekesho.

Nilijua tangu mwezi wa tano. Barua ya Julai nilikuandikia habari za kabichi. Unajua kwa nini niliandika habari za kabichi? Kwa sababu wewe ndiye mtu pekee aliyeniona mkubwa. Nilipokuwa nakuandikia, vifuko vyangu vilikuwa bado vizuri. Nilitaka wabaki wazima mahali fulani, hata kama ni kwenye karatasi tu: Sultani, na ile glasi, na mimi.

Hata siku kazi hii itakapofaulu, na naamini itafaulu, itapita miaka mingi, na mikono mingine isiyo yangu. Haitakuwa mwaka ujao. Sikupaswa kulitamka neno lile.

Sasa nisikilize kama mtaalamu wako, ulivyoniita. Mionzi ikipita kwenye mafuta ya utando inayachachisha, kama mafuta ya nazi yaliyosahauliwa juani, na kuchacha huko kunaambukiza, chembe hii na jirani yake. Ndani zaidi inakata yale maagizo ambayo seli hujiongozea. Seli inaweza kukaa hivyo miaka mingi, imetulia, kisha siku moja ikasahau namna ya kuacha kukua. Ngozi iliyokula mionzi mingi hivyo huwezi kuitibu kwa kuiongezea mionzi mingine, itaoza. Ndiyo maana daktari alisema kisu. Hakusema kwa ukatili. Alisema kweli, nami nilikuwa ninasema ndoto.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa. Ukisoma hapa, tafadhali, usiendelee kukaa. Inuka.

Rusmini


Bandung, 23 Novemba 1986

Mjomba,

Assalamu alaikum. Hujajibu, wala Bi Hamsiya hajajibu.

Nilikuja. Nilifika mpaka bandarini Kalianget, kisiwa kikubwa cha Madura, nikiwa na mfuko mmoja na viatu vya mjini. Meli ya Sapudi haikuondoka. Bahari ilikuwa imechafuka. Nililala kwenye benchi la mama mmoja anayeuza kahawa, nikitazama mashamba ya chumvi. Mwezi ulikuwa umeanguka ndani ya kila kisima cha chumvi, kila kimoja na mwezi wake. Yule mama akaniuliza, "Unamfuata nani huko?" Nikasema, "Mjomba." Akasema, "Anakungoja?" Nikaomba kahawa nyingine. Ruhusa ikaisha, meli bado imelala, nikarudi.

Mtu mmoja pale bandarini aliniambia kwamba mzee wa ng'ombe warembo alionekana akivuka kuja Madura, mkono umefungwa kitambaa. Mwingine akasema hapana, huyo ni wa kisiwa cha Raas. Sikujua nimwamini nani.

Nimempelekea Profesa matokeo yote ya panya waliokufa, yale niliyokuwa nikiyaandika kwa penseli na kuyaficha. Nilidhani atanifukuza. Aliyasoma mpaka chai yake ikapoa, akasema, "Kumbe unajua kuandika. Haya ndiyo tuliyokuwa tunayahitaji." Tunajaribu kuukaza utando kwa aina nyingine ya mafuta. Labda utavuja kidogo zaidi ya tunavyotaka. Labda hautavuja. Sijui. Nakuandikia kwamba sijui.

Usiku naota unanipungia mkono ukiwa ng'ambo ya ukungu, nami nahesabu vidole, na kila nikihesabu ukungu unapita.

Nitukane kama unataka. Lakini niandikie.

Rusmini


Gayam, 18 Januari 1987

Mini,

Wa alaikum salaam. Nisamehe kukupa barua kwa mkono wa kushoto. Mama yako, Mungu amrehemu, angenichapa. Herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na ukurasa mzima unabeba maneno machache, ndiyo maana bahasha imevimba. Bi Hamsiya alitaka kuniandikia. Nilimkataza asikuandikie hata neno mpaka mimi mwenyewe niweze. Kwa hilo alininyima kahawa, kisha akanihurumia. Anakusalimu. Durahem anakusalimu. Ng'ombe wamenona.

Barua yako ya mwezi wa kumi ilinipata. Nilipoisoma niliingia ndani, nikalala chali, sikutaka kusemeshwa. Nilikukasirikia, mwanangu. Sitakuficha. Nilisema: mtoto huyu nimemlea, nikamvusha bahari kwenda shule akiwa ameshika sarungi yangu, naye ananidanganya kwa kabichi. Hasira ile nilikaa nayo siku nyingi. Kisha alfajiri moja nikasikia Bi Hamsiya nje anafungasha. Nikatoka. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema, "Surabaya. Wewe ukitaka kuja, njoo." Akabeba mfuko akaondoka kweli! Nilimfuata mpaka gatini nikiwa na kandambili moja.

Huyo wa bandarini aliyekuambia ameniona, alisema kweli.

Mwezi wa kwanza mwaka jana kingekatwa kidole kimoja tu. Safari hii vimekatwa viwili, na kipande cha kiganja. Kwapani walipima, wakakuta safi. Daktari anasema nirudi kila baada ya muda aniangalie, na hataki kuniahidi kitu. Nimempenda kwa hilo. Sasa kuhusu hasara hii nimetoa hukumu yangu, usibishane nami. Kidole cha shahada ni cha kazi, kazi ilikichukua, wewe humo. Cha kati tugawane. Nusu ni yako, kwa kunificha. Nusu ni yangu, kwa kukuficha. Imekwisha.

Nikuambie jambo ambalo hata Bi Hamsiya hakulijua mpaka juzi. Kazini tulikuwa na glavu nzito za madini ya risasi, za kuzuia mionzi. Nilizipata mpya, nzuri kabisa, hakuna wa kulaumiwa. Lakini watoto wakiletwa, mguu umevunjika, chumba giza, mashine inanguruma, halafu mikono miwili mieusi mikubwa inawajia kama ya jini. Walikuwa wanapiga mayowe, wanafurukuta, picha inaharibika, inarudiwa tena. Siku moja nikazivua. Nikamshika mtoto mguu kwa mkono mtupu, nikamwambia, "Tulia, ni mimi tu." Akatulia. Basi tangu siku ile sikuzivaa tena kwa watoto. Nilijua ubaya wake. Nilifundishwa. Nilijiambia ni mara moja tu, na kesho nikajiambia hivyo hivyo.

Hospitali walitukabidhi vidole ndani ya kitambaa cheupe, tukazike kama desturi. Nilivibeba mapajani njia nzima, kwenye basi na kwenye meli. Abiria mmoja akaniuliza, "Mzee, umebeba keki?" Bi Hamsiya akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Tulivizika makaburini, miguuni kwa mama yangu. Imamu alikuja, akasimama, akakuna kichwa. "Sahrawi," akasema, "kwa hiki sina dua maalumu. Mwenyewe bado unapumua." Durahem akasema, "Aombewe tu kidogo, kwa kadiri ya kilichofika." Tukacheka pale makaburini, watu wazima. Kisha tukafukia. Nilitazama kile kilima kidogo, kidogo kama cha ndege, na mwili wangu ukawa mwepesi. Sehemu yangu imekwisha fika, imepumzika, inamfahamisha mama kwamba sisi wengine tuko nyuma, hatuna haraka.

Mashindano tulikwenda wiki iliyopita. Kamba nilizifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na kwa wa kushoto nikaongoza. Zumari likalia, Kenanga akanyanyua shingo, na Melati, yule mwoga, akaenda naye hatua kwa hatua, utadhani wanaogelea. Katikati Melati akasimama kutazama watu. Tu! Akasimama. Hatukushinda chochote. Durahem alisema amewahi kuona magogo yaliyo mepesi zaidi. Lakini wewe ungeona jinsi walivyokuwa wakienda kabla ya hapo.

Kitu kimoja cha ajabu, na hiki labda wewe kama mtu wa seli utanieleza. Nikiwa katika sala, nikifika kwenye tahiyatu, kile kidole cha shahada kinanyanyuka. Sikioni. Ninachokiona ni kitambaa tu na shimo. Lakini kinanyanyuka, Mini, nakisikia wazi, kimenyooka, na upepo wa mlangoni unakipita. Natoa salamu, kinashuka. Sijamwambia daktari. Naogopa ataniambia si kweli.

Haya, mkono umechoka, na meli haingoji mwandiko wangu. Endelea na huo utando wenu. Na ukishindwa tena, niandikie. Ukifaulu pia uniandikie, lakini siku ya kushindwa iandikie kwanza, hata kama ni mstari mmoja, hata kama utaniamsha.

Mjomba wako,
Sahrawi